MAJANI MAFUPI YA UKINGO WA BWAWA LA SAMAKI

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Mwanjelwa, Mbeya

Natumaini kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa, na karatasi ya somo hili iko mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: bwawa, tuta, ukoka, mzizi, kivuli. Ninyi wanafunzi yasomeni kwa sauti, halafu yaandikeni katika madaftari yenu. Tutakutana nayo mara nyingi leo.

Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kuchimba bwawa la samaki. Tulisema kwamba bwawa huchimbwa mahali penye udongo wa mfinyanzi, na kwamba udongo uliochimbwa hujengwa kuzunguka bwawa uwe tuta. Tulisema pia kwamba tuta hushindiliwa tabaka baada ya tabaka, na upande wake wa ndani hufanywa mteremko, si ukuta uliosimama wima. Basi leo tufikiri kwamba kazi hiyo imekwisha. Maji yameingia. Vifaranga vya perege vimetiwa. Lakini tuta ni tupu, ni udongo mtupu mwekundu. Je, tupande nini juu yake?

Labda mtu atasema, "Hilo si swali la kupotezea saa nzima. Majani ni majani. Yataota yenyewe." Mimi pia niliwahi kufikiri hivyo. Ngojeni niwaeleze yaliyotokea, nanyi mtaona kwa nini nimelichagua somo hili.

Miaka kadhaa iliyopita wanafunzi kumi na wanne wa darasa moja la kisomo hapa Mwanjelwa walianzisha mradi wa bwawa la samaki. Walikodi kipande cha ardhi bondeni, nje kidogo ya mji. Kila mmoja alitoa mchango wake kidogo kidogo. Wengine walikuwa wakiuza mboga sokoni, wengine walikuwa vibarua, na mmoja alikuwa fundi baiskeli. Wakati wa kiangazi walichimba kwa majembe na kubeba udongo kwa vichwa na matoroli. Ilipofika Novemba, bwawa lilikuwa tayari, nao wakakutana kuzungumza juu ya tuta.

Mmoja alisema, "Tupande viazi vitamu. Majani yake hufunika ardhi, na viazi tutakula." Mwingine alisema, "Tupande mabingobingo. Mimi nina ng'ombe, na chakula cha ng'ombe ni shida." Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa ndiyo kwanza ajifunze kuandika jina lake, akasema, "Kwetu kingo za mifereji hushikwa na ukoka." Watu walicheka. Kila mkulima amjua ukoka kuwa adui yake. Mtu hulima siku nzima kuung'oa, na baada ya mvua mbili umerudi. Nani ataupanda kwa mkono wake mwenyewe?

Mimi nilikuwapo. Waliniuliza, "Afisa, wewe wasemaje?" Nami nikajibu, "Pandeni mnachopenda, ardhi ni yenu." Nilidhani nimejibu kwa heshima. Kumbe lilikuwa jibu la mtu asiyejua, naye hataki kusema kwamba hajui.

Walipanda viazi pande mbili na mabingobingo pande mbili. Mwisho wa Machi walianza kuchimba viazi vya kwanza, ingawa vilikuwa bado vidogo. Mapema mwezi wa Aprili mvua kubwa ilinyesha usiku kucha, na asubuhi bwawa lilikuwa tupu. Tuta lilikuwa limekatika upande wa viazi. Samaki wote walikuwa wamekwenda na maji mtoni. Walibaki wachache tu katika tope, na kunguru walikuwa wakiwala.

Fedha za watu kumi na wanne zilipotea usiku mmoja. Saba walijitoa katika mradi. Wanne kati ya hao waliacha hata darasa, kwa sababu walisema kisomo kimewatia hasara. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Samaki wengine wangeweza kununuliwa, lakini mtu mzima aliyeona haya na kuiacha kalamu yake, kumrudisha ni kazi ngumu.

Sasa tulichunguze jambo hili pole pole. Kwa nini tuta lilikatika?

Sababu ya kwanza ni majembe. Kiazi kiko chini ya udongo, na ili ukipate ni lazima uchimbe. Tuta walilolishindilia kwa miezi miwili walilifungua wenyewe kwa siku moja. Udongo uliolegea hunywa maji upesi, na ukishiba maji huporomoka.

Sababu ya pili ni fuko. Wengi wenu mwamjua mnyama huyu mdogo akaaye chini ya ardhi, asiyeonekana ila kwa vichuguu vyake vya udongo mpya. Fuko hula mizizi na viazi. Ukipanda viazi juu ya tuta, ni kama umemwalika karamuni. Tulipolichunguza lile tuta lililokatika tuliona njia za fuko, nene kama mkono wa mtoto, zikipita kutoka upande mmoja hata wa pili. Maji ya bwawa yalipopanda yalizifikia njia hizo. Maji yakishapata tundu dogo hayarudi nyuma. Huchukua udongo punje kwa punje, tundu likawa mfereji, na mfereji ukawa mlango.

Na mabingobingo je? Upande ule haukukatika, lakini nao ulikuwa umeanza kuharibika. Bingobingo hukua kwa mashina. Shina moja hapa, na shina jingine pale. Kati ya shina na shina udongo huwa wazi, na maji ya mvua hupita hapo yakichimba vijifereji. Tena bingobingo hurefuka kupita mtu, likatupa kivuli juu ya maji.

Hapo tusimame kidogo kwenye neno la tano ubaoni, yaani kivuli. Kwa nini kivuli ni kibaya kwa bwawa?

Maji ya bwawa zuri si meupe kama maji ya kunywa. Yana rangi ya kijani. Rangi hiyo ni ya mimea midogo sana, midogo hata jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja. Mimea hiyo huitaji mwanga wa jua kama mahindi yahitajivyo. Ni chakula cha perege, na wakati wa mchana hutia hewa katika maji. Ukilifunika bwawa kwa kivuli, mimea hiyo hupungua, na samaki hukosa chakula na hewa.

Jambo la pili ni joto. Perege hukua vizuri maji yakiwa na joto la digrii 25 hadi 30 hivi. Yakishuka chini ya digrii 20, perege hula kidogo na hukua pole pole sana. Nasi tuko wapi? Mji wa Mbeya uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi twavaa makoti. Watu wa Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, wana joto la kutosha, lakini sisi wa nyanda za juu hatuna jua la kutupa. Kila saa ya jua inayogusa maji ni mali yetu.

Jambo la tatu ni majani yanayoanguka. Majani marefu hukauka, huanguka majini na kuoza. Kitu kinachooza majini hutumia hewa ile ile wanayoihitaji samaki. Mkienda bwawani alfajiri mkawaona perege wameinua midomo juu ya maji wakitweta, jueni hewa imepungua.

Wengine wenu mmepata kuona tangi la samaki la kioo katika hoteli au katika duka la mjini. Mkiangalia vizuri mtaona kwamba mwenye tangi amepanda majani marefu nyuma, na mbele kabisa, karibu na kioo, amepanda majani mafupi yanayotambaa. Kwa nini? Ili macho yapite, samaki waonekane, na mwanga ufike mpaka chini. Sisi nasi twafuata desturi hiyo, ila bwawa halina nyuma. Jua hulizunguka tangu asubuhi hata jioni, na mchungaji wa samaki husimama po pote kuwatazama. Kwa hiyo pande zote nne za bwawa ni mbele, na pande zote nne zataka majani mafupi.

Basi, kabla ya kupanda jani lo lote juu ya tuta, tuliulize maswali manne. Yaandikeni.

Swali la kwanza: Je, jani hili hutambaa? Jani linalotambaa hutia mizizi kila kifundo kinapogusa udongo. Hufunika ardhi yote kama mkeka, na tone la mvua huangukia jani badala ya kuangukia udongo.

Swali la pili: Je, ni fupi, au laweza kufanywa fupi kwa kufyekwa bila kufa?

Swali la tatu: Mizizi yake ikoje? Twataka mizizi mingi na myembamba, iliyofumana kama nyuzi za nguo. Hatutaki mizizi minene ya miti. Mzizi mnene ukifa huoza, na mahali pake hubaki tundu refu ndani ya tuta. Maji hulipenda tundu hilo kama yanavyoipenda njia ya fuko.

Swali la nne: Je, ili nilitumie ni lazima nilichimbe? Kama jibu ni ndiyo, lisipandwe kwenye tuta, hata liwe tamu namna gani.

Sasa tuyajaribu maswali haya kwa majani tunayoyajua.

Ukoka. Hutambaa, ndiyo. Ni mfupi, ndiyo. Mizizi yake ni mingi na imefumana. Hauchimbwi ili utumike. Ukikosa mvua hukauka juu, lakini mizizi hukaa hai, na mvua ikinyesha huchipua tena. Katika nchi nyingi zenye joto viwanja vya mpira hupandwa jamii ya ukoka, kwa sababu hukanyagwa na viatu kila juma wala haufi. Ikiwa waweza kuvumilia viatu vya wachezaji, waweza kuvumilia miguu ya mtu mmoja anayekwenda kulisha samaki. Mama yetu yule tuliyemcheka alikuwa amesema kweli. Sifa ile ile inayoufanya ukoka uwe adui shambani ndiyo inayoufanya uwe askari kwenye tuta: hauachi ardhi uliyokwisha kuishika.

Majani ya kikuyu. Majani haya asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, nayo yamepelekwa hata Australia na Afrika ya Kusini kuwa malisho. Hupenda baridi na mvua kama ya kwetu. Hutambaa na kufunika upesi kuliko ukoka. Lakini yana tabia mbili za kuangaliwa. Kwanza, yakiachwa hunenepa na kupanda juu, kwa hiyo yataka kufyekwa mara kwa mara. Pili, hutambaa mpaka majini na kuelea pembeni. Asiye na mundu na bidii asiyapande. Mwenye bidii yatamfaa sana, kwa maana anachofyeka atampa ng'ombe au sungura.

Bingobingo. Swali la kwanza limelishinda, na la pili limelishinda. Je, tulitupe? Hapana. Ndugu yetu mwenye ng'ombe alikuwa na haja ya kweli. Lipandwe, lakini chini, mbali na tuta, mahali ambapo kivuli chake hakifiki majini. Pale litalisha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe itarudi kulisha bwawa. Kila kitu kina mahali pake.

Milingoti. Mti huu hukua upesi na una bei nzuri, nasi wa nyanda za juu twaupenda. Lakini hunywa maji mengi, mizizi yake ni minene, na majani yake huanguka mwaka mzima. Usipandwe kwenye tuta wala karibu ya bwawa.

Migomba. Kivuli chake ni kipana, na majani yake makavu huning'inia juu ya maji. Iwe mbali, kama bingobingo.

Na kuna jani moja ambalo lazima nilitaje kwa jina, nalo ni gugu maji. Ni zuri kwa macho. Lina ua la zambarau, nalo huelea. Mtu akiliona aweza kusema, "Nilichukue nikapambe bwawa langu." Asithubutu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 lilifunika maji pwani nyingi za ziwa hilo, mitumbwi ikashindwa kupita na wavuvi wakakosa kazi. Ikiwa liliweza kulisumbua ziwa kubwa namna ile, litalifanya nini bwawa la mita kumi na tano?

Sasa tuje kwenye kupanda. Tutapanda lini na namna gani?

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, mwezi wa Novemba au Desemba. Kwanza tandazeni juu ya tuta ule udongo mweusi wa juu mliouweka kando wakati wa kuchimba. Unene wa vidole vinne watosha. Udongo mwekundu wa chini hauna chakula cha mimea, na ukoka uliopandwa humo utanyong'onyea. Kisha tafuteni ukoka kando ya njia au shambani, ambako mwenye shamba atafurahi kuwapeni bure. Ukateni vipande vyenye vifundo vitatu au vinne. Fukieni vifundo viwili udongoni, na kimoja kibaki juu. Kandamizeni kwa mguu. Mvua isiponyesha, nyunyizieni maji jioni mpaka machipukizi yaonekane.

Kipande na kipande viachane shibiri moja, yaani karibu sentimita 20. Hapa twapata hesabu nzuri ya darasa. Mwalimu, tafadhali chora ubaoni bwawa lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Kulizunguka chora tuta lenye upana wa mita 1 kila upande. Twataka kujua vipande vingapi vya ukoka vitahitajiwa kwa sehemu ya juu ya tuta.

Bwawa pamoja na tuta lina urefu wa mita 17 na upana wa mita 12. Mara 17 kwa 12 ni 204. Bwawa peke yake ni mara 15 kwa 10, yaani 150. Toa 150 katika 204. Zabaki mita za eneo 54. Katika mita moja ya eneo vyaingia vipande 5 kwa 5, yaani 25. Mara 54 kwa 25 ni 1,350. Basi vyahitajiwa vipande 1,350. Wakija watu kumi, kila mmoja atapanda 135, na kabla ya saa ya chakula kazi imekwisha. Kumbukeni kwamba mteremko wa nje nao hupandwa, na wa ndani hupandwa mpaka karibu na maji. Hesabu ya miteremko naiacha kwenu.

Baada ya kupanda kuna kutunza. Msiruhusu ng'ombe kupanda juu ya tuta, hasa wakati wa mvua, kwa kuwa kwato zao hutoboa udongo. Fyekeni majani kwa mundu, wala msiyapalilie kwa jembe. Majani mliyofyeka msiyaache yaangukie majini ovyo. Kusanyeni, mtie katika kizimba cha mboji. Pembezoni mwa maji ng'oeni magugu yote yanayosimama ndani ya maji. Viluwiluwi vya mbu hujificha humo samaki wasiwaone, na konokono wanaobeba kichocho hupenda kukaa kwenye magugu ya namna hiyo. Ukingo safi ni afya ya samaki na afya ya watoto wenu pia.

Na jirani je? Hili si jambo dogo. Ukoka haujui mpaka wa shamba. Ukilinda tuta lako ukaharibu mahindi ya mwenzako, umejenga bwawa na kubomoa ujirani. Kwa hiyo chini ya tuta, upande wa nje, acheni kinjia kitupu cha upana wa hatua moja, na kila mwezi mkipalilie kwa jembe. Ukoka ukitokeza kichwa chake hapo, ukatwe. Tena kabla ya kupanda, nendeni kwa jirani mkamwambie. Mtu aliyeambiwa mapema huvumilia mengi kuliko mtu aliyeshtukizwa.

Mtaniuliza, wale saba waliobaki walifanya nini? Walilijenga tuta upya wakati wa kiangazi. Novemba ilipokaribia nilikwenda kwao. Safari hii nilianza kwa kusema, "Mwaka jana niliwajibuni nisilolijua. Naomba radhi." Hakuna aliyenilaumu. Yule mama mzee alisema tu, "Mwanangu, kusoma si kwa wanafunzi peke yao." Nikamwambia, "Ni kweli, mama." Siku iliyofuata alikuja na gunia la ukoka kichwani, aliloung'oa katika shamba lake mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Tulipanda wote, nami nilipanda vipande vyangu.

Tuta hilo limekwisha kupita masika kadhaa. Ukilitazama sasa ni kama limevikwa zulia la kijani. Wanachama wamevua na kuuza, ingawa faida si kubwa kama walivyoota hapo kwanza, kwa sababu baridi yetu huchelewesha samaki. Kati ya wale wanne walioacha darasa, wawili wamerudi. Wawili bado. Kila nipitapo sokoni huwasalimu, nao huitikia, nami sijakata tamaa.

Kabla hatujaachana, neno moja la historia. Ufugaji wa samaki kwa mabwawa si jambo jipya katika nchi yetu. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949, kule Korogwe na Malya. Baadaye watu walichimba maelfu ya mabwawa katika mikoa mbali mbali. Lakini mengi yaliachwa. Mengine yalikuwa madogo mno, mengine yalichimbwa mahali pasipo na maji ya kutosha, na mengine hayakutunzwa. Kuchimba ni kazi ya kiangazi kimoja, na watu huja wengi wakiimba. Kutunza ni kazi ya kila juma, na mtu huwa peke yake na mundu wake. Bwawa hufa katika kazi hii ya pili. Ndiyo sababu tumetumia saa nzima kuzungumza juu ya majani mafupi.

Sasa maswali ya darasa. Yajibuni kwanza kwa mdomo, halafu kila mtu aandike majibu mawili katika daftari lake.

1. Kwa nini viazi vitamu havifai kupandwa juu ya tuta? Taja sababu mbili.
2. Kivuli huleta hasara gani katika bwawa la nyanda za juu?
3. Taja maswali manne ya kuuliza kabla ya kuchagua jani la ukingoni.
4. Utafanya nini ili ukoka wako usiingie katika shamba la jirani?
5. Bwawa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, na tuta lina upana wa mita 1 kila upande. Vipande vingapi vya ukoka vitahitajiwa juu ya tuta?

Na kazi ya nyumbani ni hii. Kabla ya somo lijalo kila mwanafunzi alete majani ya aina tatu aliyoyang'oa karibu na nyumbani kwake, pamoja na mizizi yake. Yaoshwe udongo. Tutayatandaza mezani tuyatazame mizizi, na darasa litasema lipi lafaa kwenye tuta na lipi halifai, na kwa nini. Mwenye jina la jani hilo kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au lugha yo yote ya kwao, aliandike. Na kama yumo mzee darasani ajuaye jinsi watu wa zamani walivyozishika kingo za mifereji yao, mwalimu ampe nafasi azungumze, na sisi wengine tunyamaze tumsikilize.